Kiapo cha Bi Povu

Kila siku akirudi kutoka shule, Kifungo alivua sare, akanywa uji wima wima, kisha akaenda uani kumsaidia bibi yake. Jina hilo alipewa na bibi mwenyewe, maana kazi ya mtoto ilikuwa kushona vifungo vilivyong'oka kwenye mashati ya wateja. Bibi alikuwa dobi, na mtaa mzima ulimwita Bi Povu. Wino, kutu, grisi, damu, hakuna doa lililomshinda, na alijisifu kwa hilo mpaka majirani wakachoka kumcheka.

Lakini siku hizi Bi Povu hakuwa yule wa zamani. Alikaa kigodani upande upande, ameuma meno. Akitoka chooni, machozi yalimlengalenga. Na ile dawa kali ya madoa iliisha upesi, ingawa nguo zilikuwa chache.

Siku moja Kifungo alipeleka taulo bafuni, akamkuta bibi anamimina dawa ile kwenye beseni la maji ya kunawia.

"Bibi! Hiyo si ya nguo?"

"Hebu nipishe! Huku chini kunawasha, kunaunguza kama pilipili. Ni uchafu tu huu. Mimi na uchafu, nani atamshinda mwenzake?"

Kifungo alitaka kucheka. Kisha akaiona sketi ya bibi sakafuni, ina damu.

"Kumbe bado unapata hedhi, bibi?"

"Hedhi? Ilikoma hata wewe hujazaliwa."

"Sasa hii damu?"

Bibi aliiokota sketi, akaikunja. Alipozungumza, sauti yake ilikuwa ndogo. "Dada yangu alianza hivi hivi. Akaficha. Watu walipokuja kujua, tukawa tunamzika. Kama ni zamu yangu, basi. Mama yako asijue, umesikia? Niapie."

Maskini, mtoto akaapa.

Kiapo hicho kilimwelemea. Darasani hasikii, nyumbani hali. Jioni moja mama yake, aliyekuwa akipiga pasi nguo za wateja, aliinua shati jeupe lenye kifungo chekundu.

"Shati la watu hili! Una nini wewe?"

Kifungo aliangua kilio, akasema yote: dawa, sketi, dada yake bibi. Mama aliisahau pasi mpaka chumba kikanuka moshi. Kisha akaenda moja kwa moja uani.

"Mama, kesho tunakwenda kliniki."

Bibi alimtupia mjukuu wake jicho kali. "Nikamvulie nguo mtoto wa watu? Bora nife na aibu yangu!"

"Aibu hiyo hiyo ndiyo iliyomuua mama mkubwa. Sitakuzika wewe kwa sababu yake."

Bibi alinuna usiku kucha. Lakini asubuhi alivaa viatu.

Muuguzi wa kliniki alikuwa mwanamke mwenye mvi. Alimpima polepole, akimweleza kila alichofanya, kisha akawaita bibi, mama na Kifungo wakae.

"Hedhi ikikoma, homoni za kike hupungua mwilini," alisema. "Ngozi ya uke huwa nyembamba na kavu. Huwasha, huuma, hata mkojo huunguza. Wanawake wengi hupata hali hii, na ina matibabu. Si uchafu, mama. Ile dawa ya madoa imekuongezea vidonda tu."

"Na damu?" mama aliuliza.

"Damu siwezi kuibahatisha. Mwanamke aliyekoma hedhi akiona damu, hata tone, lazima apimwe."

Kipimo kilichukuliwa, wakaambiwa wasubiri majibu. Bibi alikunja nguo zake nzuri, akaziweka sandukuni, ati akifa watu wasije wakahangaika kuzitafuta. Kifungo alipomwona, alikimbilia nje akalia peke yake.

Majibu yalipotoka, hayakuonyesha saratani. Damu ilitoka kwenye ile ngozi iliyochubuka. Bibi alipewa krimu ya homoni, akaelezwa namna ya kuitumia na siku ya kurudi, na akaambiwa huko chini anawe kwa maji matupu.

Maumivu hayakuondoka kwa siku moja. Yalipungua taratibu, mpaka Bi Povu akaweza kukaa kigodani sawasawa. Ndipo alipomwita mjukuu wake.

"Bado umenikasirikia, bibi?"

"Nilikasirika, ndiyo. Nilitaka hata kukufinya." Bibi alifuta mikono yake yenye povu. "Lakini mimi ndiye niliyekosa. Mwili ukiuma, sehemu yoyote ile, mtu aseme mapema kwa anayejua kutibu. Na mzigo kama ule habebeshwi mtoto. Mtu mzima akikuapisha ufiche ugonjwa, usikubali, hata awe bibi yako."

Kifungo aliitikia kwa kichwa. Alidhani maneno yamekwisha, lakini bibi alikuwa analia.

"Unajua, dada yangu naye aliniapisha," alisema. "Mimi nikatunza kiapo."