Detekta Haiuzwi

Kila asubuhi, kabla chai haijachemka, Mama Pacha alitoa nje detekta ya marehemu mumewe. Ni mashine ya kutafutia dhahabu, yenye mpini mrefu na sahani chini. Aliiwasha juu ya mchanga mweupe wa uani, akairekebisha mpaka ikatulia. Kisha aliibeba hadi kilimani, kwenye kiwanja chao chenye udongo mwekundu. Aliamini ameshamaliza kuiandaa.

Kilimani mashine ililia hapa, ikalia pale, ikalia kila mahali. Shemeji yake, mdogo wa marehemu, alichimba kila ilipolia. Wiki nzima alitoa udongo mtupu. Mashimo yalijaa kiwanjani na mgongo ukamuuma.

"Mashine imekufa kama mwenyewe," Shemeji alisema. "Jumamosi namleta mnunuzi. Usinibishie."

"Nakubishia," alijibu Mama Pacha. "Hii ndiyo inayolisha wanangu. Haitoki kwangu."

Shemeji alicheka, akasema mwanamke na mashine wapi na wapi. Maneno hayo yalimchoma Mama Pacha. Hakulia. Alijifunga kanga kiunoni, akaenda moja kwa moja kwa jirani yake Kipara, mzee aliyetumia detekta miaka mingi. Kichwa chake, watu walitania, kiling'aa kuliko dhahabu yote aliyowahi kuipata.

Kipara alimuuliza anairekebishia wapi mashine. Aliposikia ni uani, alitikisa kichwa.

"Udongo wa kilimani una chuma kingi," alisema. "Mashine inausikia udongo wenyewe, ndiyo maana inalia. Haijafa, mwanangu. Hujaiambia tu kwamba imehama."

Walipanda kilimani pamoja. Kwanza Kipara alitazama kitufe cha usikivu. Shemeji alikuwa amekizungusha hadi mwisho, akidhani kelele nyingi ndiyo dhahabu nyingi. Kipara alikipunguza, akaeleza kwamba kwenye udongo kama huu usikivu mkubwa huongeza fujo tu.

Kisha alimwambia Mama Pacha atafute mahali pasipo na msumari wala kifuniko cha soda. Hapo Mama Pacha alibonyeza kitufe cha ardhi, kinachoizoesha mashine udongo wa mahali ilipo. Akiwa amekishikilia, alipandisha sahani na kuishusha karibu na udongo, polepole, tena na tena. Kelele zilipungua, zikaisha. Kilima kizima kikawa kimya.

Mama Pacha hakutaka kuamini kwa maneno. Alivua hereni yake ya dhahabu, akaifukia kidogo, akapitisha sahani juu. Mashine ililia mara moja, sauti safi. Alicheka kwa furaha.

Waliposogea kwenye udongo mweusi karibu na korongo, kelele zilirudi. Kipara alikunja mikono, akamwachia mashine. Mama Pacha alielewa. Udongo ukibadilika, unaanza upya. Akabonyeza kitufe cha ardhi na kurekebisha mwenyewe.

Jumamosi Shemeji alifika kilimani na mnunuzi. Alimkuta Mama Pacha akipitisha sahani taratibu ukingoni mwa shimo moja, shimo alilolichimba Shemeji mwenyewe na kuliacha. Mashine ilikuwa kimya.

"Si unaona," Shemeji alimwambia mnunuzi. "Hata kulia imeshindwa."

Mashine ikalia, kidogo tu. Mama Pacha alirudisha sahani pale pale, ikalia tena. Alipiga magoti, akachimbua ubavuni mwa shimo, akachambua udongo kiganjani. Punje ya dhahabu, kubwa kama harage, ilibaki mkononi mwake.

Mnunuzi alisema sasa anaitaka mashine zaidi. Mama Pacha alimjibu kwa upole kwamba amepoteza safari, kwa sababu hapa hakuna kinachouzwa.

Shemeji alinyoosha mkono. "Hebu nipe na mimi nijaribu."

Mama Pacha aliinua detekta akaiweka begani. Kisha akaokota jembe, akampa.

"Anza na hili, shemeji. Mashimo yako yote haya, yafukie. Ukimaliza, njoo nikufundishe."