Joka Lililoloweshwa Chai

Kama kuna watu wanaonichosha roho, ni hawa wanaopenda mambo ya kale. Mmoja peke yake ni usumbufu. Wakikutana wawili, ole wenu majirani.

Hawa walikutana kwenye duka la nyuzi Jumamosi asubuhi, watu wamebanana, kila mtu anampigia muuzaji kelele. Mmoja, binti mdarizi, alivaa sketi pana nyeusi aliyoidarizi nyota kwenye pindo, utadhani mchana haumtoshi. Alikuwa amekunjua kitambaa cheupe chenye joka jekundu, anatafuta uzi wa kufanana nalo. Nyuma yake alisimama kijana mmoja mwongoza wageni wa makumbusho, aliyeitwa Bwana Kale. Miaka thelathini, ila kandambili za ngozi na mkufu wa kome kama babu yake mtu. Akachungulia bila kukaribishwa.

"Samahani dada, huyo joka mabawa ya nini?"

"Ya kurukia. Wewe ungempa baiskeli?"

"Joka wa hadithi za kale anatambaa tu."

"Ulimwona?"

"Nimesoma."

"Basi kasome tena. Huyu ni wangu, na kwangu anaruka."

"Nyie wawili!" mtu akafoka nyuma. "Wengine tuna haraka!"

Mwenye akili angelipa akaenda zake. Mdarizi akampa namba ya simu.

Mapenzi yakaanza, na mapenzi yenyewe ndiyo haya. Mchana kutwa Bwana Kale aliwadanganya watoto wa shule kwamba kigoda fulani kilichopasuka kilikuwa cha malkia aliyezungumza na mamba. Hakuna aliyemwambia hivyo. Hadithi hizo alikuwa akizitunga ngazini, kabla watoto hawajapanda. Jioni anapiga simu.

"Vipi, malkia wa sindano?"

"Salama, babu. Unafanya nini?"

"Nakuwaza. Unajua, zamani kulikuwa na mfalme aliyempenda mfumaji mmoja, akaacha kula, akaacha kulala..."

"Huyo mfalme simjui. Wewe je?"

"Subiri, mpenzi, hadithi haijafika mwisho."

"Hiyo haifiki. Lala salama."

Binti anakata simu kwa hasira, halafu anauchekea ukuta. Ovyo kabisa.

Shangazi yake, mwenye duka la sare ambako binti alidarizi beji za shule kutwa nzima, hakumficha.

"Mwanangu, mwanamume anayezungumza na vigoda atakulisha nini?"

"Ananielewa, shangazi."

"Hata mbwa wa jirani ananielewa. Mbona sijaolewa naye?"

Basi jumba la sanaa za mikono likatangaza maonyesho. Atakayeshinda atapewa chumba chenye dirisha kubwa, bure, mwaka mzima. Mdarizi alikitaka chumba kile kama mwenye kiu anavyotaka maji. Akikikosa, ni beji mpaka macho yaishe. Joka lake lilikwisha siku chache kabla, akampelekea Bwana Kale aliwambe kwenye fremu, maana kazi hiyo aliijua.

Hiyo tu. Kuwamba. Lakini yeye alikitazama kitambaa akaona hakina "roho ya kale". Akachemsha chai ya rangi, nzito, akaimimina kwenye ndoo, akalilowesha joka la watu. Kisha akakifukiza kitambaa moshi wa mkaa. Weupe ukawa rangi ya jino bovu, uzi mwekundu ukachuja. Na akafurahi! Akapiga simu.

"Laazizi, njoo uone. Kimezeeka miaka mia!"

Binti alikuja akaona. Hakupiga kelele.

"Umefanya nini?"

"Nimekipa historia."

"Nilikuomba historia?"

"Nilidhani utafurahi, mpenzi wangu..."

"Wewe huwezi kukiacha kitu kikawa kilivyo. Hata mimi hujawahi kuniambia unanipenda. Mfalme ndiye anayenipenda! Usinipigie tena."

Alipiga. Akapiga tena. Mwisho shangazi ndiye aliyepokea: "Yuko anafua alichochafua mtu mzima mwenye ndevu." Akakata.

Doa halikutoka. Na kwa kuwa hakuwa na kazi nyingine ya kuonyesha, mdarizi akaenda na kitambaa kwenye maonyesho hivyo hivyo.

Mwenyekiti wa waamuzi, mama mmoja mwenye sauti ya mtu ambaye hajawahi kupanga foleni, alikishika kwa vidole viwili.

"Binti, masharti yanataka kazi mpya. Hiki umekitoa kwenye sanduku la bibi yako."

"Nimekishona mwenyewe, mama."

"Wote husema hivyo."

Watu wakacheka. Mdarizi akaanza kukikunja.

"Ni chake!"

Bwana Kale alikuwa mlangoni, anahema. Kwenye meza ya waamuzi alikaa mkuu wa makumbusho, bosi wake mwenyewe. Kijana alimwona. Akaendelea hivyo hivyo.

"Amekishona mwaka huu. Mimi ndiye niliyekilowesha chai kwenye ndoo ili kionekane cha kale. Hakujua. Ni upumbavu wangu."

Mkuu akavua miwani. "Na vile vigoda unavyowaeleza watoto?"

"Nimetunga, mkuu. Karibu vyote."

Ukumbi mzima ukacheka mpaka machozi. Mkuu hakucheka. Alimwambia Jumatatu asije kazini.

Mwenyekiti alikirudisha kitambaa kwenye mashindano kwa uso wa aliyeng'ata ndimu. Lakini doa ni doa. Chumba akapewa mfinyanzi ambaye vikombe vyake havisimami wima. Waamuzi wengine hata uwape macho manne hawaoni!

Nje, kwenye ngazi, Bwana Kale alishindwa hata kumtazama.

"Nimekukosesha chumba."

"Umenikosesha."

"Na kazi sina."

"Nimesikia. Kila mtu kasikia."

"Unajua, hapo zamani..." Akayaona macho ya binti, akaikatiza hadithi. "Nakupenda. Mimi. Nataka nikuoe."

"Hana kazi huyu!" shangazi, aliyekuwa amewafuata nyuma, akadakia. "Mwongo, mchafuzi, amekuharibia riziki, viatu vyenyewe vya marehemu..."

Mdarizi alikuwa analia wazi wazi, pua na macho. Chumba chake kilikuwa kimekwenda, na kesho beji zilikuwa zinamngoja, na alilijua hilo vizuri kuliko shangazi. Akasema ndiyo kabla shangazi hajamaliza kuhesabu kasoro.