Yaache Masanduku

Stesheni ilikuwa imefurika watu wa mchana, kila mmoja na haraka zake, na katikati yao mwanamke mwenye koti la kijani lililomzidi mwili alisimama mbele ya lifti iliyozungushiwa utepe mwekundu, akiisema kwa Kiswahili. Alikuwa mshona nguo, na hiyo ndiyo siku yake ya kwanza kukanyaga nchi ya watu. Dada yake mkubwa, aliyeolewa huko, alikuwa amejifungua mapacha na kumwita aje kumshika mkono. Basi alikuja na masanduku mawili: moja la nguo, jingine la cherehani, kwa sababu hakuna aliyeweza kumshawishi aiache nyumbani. Ngazi za kwenda jukwaa la juu zilikuwa nyingi hata kuzitazama kulichosha.

“Lifti gani wewe,” alisema. “Siku zote unafanya kazi, umengoja nifike mimi ndipo ufe.”

“Haijafa, dada. Ina mafua tu.”

Sauti ilitoka nyuma ya mlango wa chuma, kwa Kiswahili cha nyumbani. Kikafuata kichwa chenye tochi, kisha mwanamume mrefu ndani ya ovaroli ya bluu iliyojaa grisi. Alijifuta mikono kwenye kitambaa, akaliinua sanduku la cherehani, akalirudisha chini.

“Umebeba nini humu? Umeng'oa nyumba na msingi wake?”

“Cherehani.”

“Nchi hii nguo zinauzwa madukani.”

“Zinauzwa zimeshonwa ovyo. Tazama hiyo ovaroli yako. Bega moja lipo kazini, jingine limekwenda likizo.”

Mwanamume alicheka, akalitia sanduku begani, akapanda ngazi mbili mbili. Yeye alimfuata na lile la nguo, roho mkononi, akiogopa wizi na akiogopa kuachwa na treni. Wizi haukutokea. Treni iliwaacha, ikaondoka mbele ya macho yao.

Walikaa kwenye benchi kungoja nyingine. Fundi lifti alimletea chai ya kikombe cha karatasi, akamsaidia kusoma tiketi, kisha akaomba namba ya simu.

“Ya nini?”

“Nijue kama cherehani imefika salama.”

Jioni ile ile alipiga. “Cherehani imefika?”

“Imefika. Mwenyewe ndiye hoi.”

Tangu siku hiyo fundi alimwita Cherehani, na yeye akamwita Lifti. Dada yake, aliyekuwa akinyonyesha mtoto mmoja huku mwingine akilia, hakukosa la kusema kila simu ilipoita.

“Huyo Lifti wako anakupandisha au anakushusha?”

“Dada, nyonyesha mtoto.”

Dada aliishi mji mdogo, nje ya mji mkuu, na Jumapili shemeji alikuwa nyumbani kuwashika mapacha. Jumapili basi ikawa siku yake. Alipanda treni ya asubuhi amevaa gauni la zambarau alilolishona usiku watoto wakilala, na mwisho wa jukwaa alimkuta Lifti amesimama wima kama anayesubiri kukaguliwa, shati jeupe, na pasi imeacha mistari miwili kwenye mkono mmoja.

“Nani kakupigia pasi?”

“Mimi.”

“Nimeona.”

Walitembea mjini mpaka miguu ikauma. Mwenzake alijua kila jengo kwa lifti yake: ile hukwama ghorofa ya tatu, ile mzee mmoja hupanda na kushuka mchana kutwa kwa sababu nyumbani hana wa kuongea naye. Yeye naye alimweleza habari za mama yake, mjane aliyemfundisha kushika sindano kabla ya kalamu, na mdogo wake wa kiume aliyebaki naye nyumbani. Hawakuambiana neno la mapenzi kwa muda mrefu, lakini Lifti alipochelewa kupiga simu, yeye hakulala.

Halafu mdogo wake akapiga. Mama alikuwa amelazwa. Moyo. Madaktari walisema lazima apasuliwe.

Jumapili hiyo walikaa kwenye benchi lao, gauni lile lile la zambarau, na hakuna aliyetania.

“Nimepata tiketi ya ndege, Alhamisi,” alisema.

“Ukienda utarudi?”

“Unaniuliza hilo leo? Mama yangu yuko kitandani.”

“Nauliza kwa sababu nataka kujua nijipange vipi.”

“Sijui. Umesikia? Sijui.”

Lifti alitazama viatu vyake. Aliposema tena, sauti yake ilikuwa ya mtu anayeongea na mteja. “Sawa. Nitakuvusha hata hivyo. Treni yako itakushusha hapa, lakini ya uwanja wa ndege inaondokea stesheni ya ng'ambo ya mto. Na masanduku yale huwezi peke yako. Nitakuwa hapa hapa, mwisho wa jukwaa.”

Siku zilizofuata alipiga mara moja tu, na hakuzungumza zaidi ya saa za treni.

Alhamisi, treni ilipokaribia mji mkuu, ilipunguza mwendo ikapinda mahali ambapo haikuwahi kupinda. Kipaza sauti kikasema maneno marefu. Abiria wakaguna, wakaanza kuvaa makoti. Yeye alishika neno moja tu, reli. Treni ikasimama kwenye stesheni asiyoijua, pembezoni mwa mji, na mama mmoja aliyekaa mbele yake akamwonyesha mlango kwa mkono. Shuka. Hapa ndipo mwisho.

Alishuka na masanduku yake na baridi ikampokea. Akampigia Lifti. Ikajibu sauti ya mwanamke wa kampuni ya simu, laini, isiyo na habari na shida za mtu. Akapiga tena. Akapiga akiwa amesimama, akapiga akitembea, na kila mara mwanamke yule yule.

Mwanzoni aliogopa kuwa kapatwa na jambo. Kisha akalikumbuka benchi, na ile sauti ya kuongea na mteja, na woga ukageuka kitu kibaya zaidi. Kaizima, alijisemea. Kaona kama sijui nitarudi, kwa nini ahangaike.

Akampigia dada yake. Dada alilia kabla hajamaliza kueleza. Shemeji alikuwa kazini mbali, na gari alikuwa nalo, na mapacha walikuwa na homa. “Chukua teksi,” dada alisema. Lakini nje ya stesheni abiria wa treni nzima walikuwa wakizigombania teksi, na kila iliyosimama ilijazwa na watu wanaojua kupaza sauti kwa lugha ya huko.

Basi la kwanza lilimpita limejaa. La pili lilimchukua, likamshusha upande usio wake wa mto. Ikabidi avuke daraja kwa miguu. Mvua ilianza akiwa katikati. Barabara ilikuwa ya mawe, na mawe yalitafuna gurudumu la sanduku la cherehani mpaka likang'oka, likabiringika likaingia kwenye mtaro. Akaanza kulikokota. Alilivuta hatua chache, akarudi kulifuata lile la nguo, akalivuta, akarudi. Kijana mmoja wa kiume aliyevaa suti alinyoosha mkono kumsaidia, yeye akamkatalia kwa macho, kwa sababu pasipoti ilikuwa sandukuni na hakumjua. Baadaye alijuta.

Alipoingia stesheni ya uwanja wa ndege alikuwa amelowa mpaka ndani ya viatu. Aliiona treni. Aliwaona watu waliokaa ndani wakivua kofia, wakifungua magazeti. Aliburuta sanduku moja mpaka mlangoni, akageuka kufuata la pili, na nyuma yake mlango ukajifunga. Dereva hakuwa na kosa. Treni ikaondoka, sanduku moja likiwa ukingoni mwa jukwaa na jingine penye ngazi, na yeye katikati.

Hapo ndipo simu ilipoita. Aliipokea bila kutazama.

“Dada, umeshapanda ndege?” Ni mdogo wake.

“Bado kidogo.”

“Anaingia chumba cha upasuaji kesho saa tatu. Kila nikiingia ananiuliza umefika wapi. Daktari kaniita pembeni, dada. Amesema ukiweza uwahi kabla.”

“Mwambie niko njiani.”

“Njiani wapi?”

“Njiani. Mwambie hivyo.”

Alikata, akakaa juu ya sanduku, akalia kwa sauti, bila kuficha uso, kama hakuna mtu. Watu walipita kando kando yake. Hakusikia miguu iliyokuwa ikikimbia mpaka iliposimama mbele yake.

Lifti hakuwa na koti. Nywele zilikuwa zimelowa, na kiganja cha mkono wa kulia kimefungwa kitambaa chenye damu.

“Usinisogelee,” alimwambia.

“Nilikungoja.”

“Wapi? Nimekupigia mpaka kidole kimeota sugu.”

“Simu imeangukia shimoni asubuhi, kwenye lifti ya hospitali. Niliisikia ikilia huko chini, nikaingiza mkono, nikaishia kuchanika, nayo ikazima. Nikasema haidhuru, mahali tumeshapatana. Nikaja nikasimama. Treni yako haikuja. Nikaambiwa imegeuzwa, nikakimbia huko, umeshaondoka. Nimekimbia mpaka hapa.”

“Nilidhani umenikomoa. Kwa lile neno la Jumapili.”

“Nilikasirika,” alisema. “Nimekasirika wiki nzima, sikufichi. Lakini nikuache na mizigo mvuani? Mimi?”

Alitaka kujibu kwa ukali, lakini ukali ulikuwa umekwisha. Alimshika mkono wenye kitambaa, akaona jinsi kilivyofungwa vibaya, akakifungua akakifunga upya. Machozi yalikuwa yakimdondokea mkononi, na Lifti aliuacha ufungwe.

“Treni nyingine inakuja sasa hivi,” alisema Lifti. “Sikiliza vizuri. Wewe utaiwahi ndege. Masanduku hayataiwahi. Wanafunga kupokea mizigo mapema, na foleni yake ni ndefu. Asiye na mzigo anapita moja kwa moja.”

“Kuna cherehani humo.”

“Najua kuna cherehani. Nimeibeba.”

“Na nguo za Mama. Nimemshonea yeye.”

“Mama anataka nguo au anakutaka wewe?”

Lifti hakuwahi kumsemesha hivyo. Alimtazama, akapiga magoti kwenye jukwaa, akalifungua sanduku la nguo mbele za watu, akatoa pasipoti na gauni moja la maua madogo, akavisokomeza kwenye mkoba.

“Panda na mimi,” alisema treni ilipoingia.

“Nikipanda na haya nitakuchelewesha. Kule ni kukimbia. Yaache masanduku. Nenda.”

Lifti alimsukuma ndani kwa mkono usio na jeraha. Mlango ukajifunga kabla hajasema alichotaka kusema, na alipojaribu kukumbuka ni nini, hakukumbuka.

Aliingia wodini asubuhi, kabla ya saa tatu, koti lingali na unyevu. Mama alikuwa tayari kwenye kitanda cha magurudumu, amevalishwa nguo za hospitali, mdogo na mwepesi kuliko alivyomwacha.

“Umekuja mikono mitupu,” Mama alisema.

“Mizigo nimemwachia mtu.”

“Mtu gani huyo wa kuachiwa mizigo?”

“Anatengeneza lifti.”

Mama alimshika mkono. “Kumbe yupo,” alisema. “Na atakuja nimwone?”

“Atakuja, Mama.”

Wakamsukuma. Upasuaji ulikwisha salama, na siku mbili Mama alikaa, akala uji, akalivaa lile gauni la maua juu ya bandeji na kuwaonyesha wauguzi pindo lake. Siku ya tatu moyo ulisimama, na hapakuwa na la kufanya.

Baada ya mazishi, watu walipoanza kuaga, alitoka nyuma ya nyumba na gauni lake jeusi, akaipiga namba ya Lifti. Hakuwa na uhakika kama itaita, kama simu ilikwisha kutolewa shimoni. Iliita mara moja, ikapokelewa.

“Cherehani.”

Lifti alisikia pumzi yake, akajua.

“Lini?”

“Tumemzika leo.”

Hakumwambia asilie. Alikaa kwenye simu mpaka alipomaliza kulia. Kisha akamwuliza taratibu, “Mizigo nikutumie?”

“Usitume.”

“Nifanye nini nayo?”

“Mama aliuliza kama utakuja. Nilimwambia utakuja.”

“Ulimwambia hivyo?”

“Nilimwambia. Usinifanye mwongo.”

“Nije kama nani?” Lifti aliuliza. “Kama mtu wa kutoa pole?”

“Pole utatoa ukifika. Njoo uonane na mjomba. Sasa yeye ndiye mkubwa wetu.”

Alisikia kiti kikisogezwa huko aliko, na mtu akikaa.

“Kesho nitaomba ruhusa kazini,” alisema Lifti.

“Omba leo.”

“Leo, basi.”

Alifuta uso kwa kiganja, akaingia jikoni, akamwambia mdogo wake ampakulie chakula.