Kikombe Ndani ya Mashine

"Usinidanganye, Zabron. Kama mtoto hakuingia bandani, hii mikono ni ya nani?"

"Nimeshakwambia. Hajakanyaga humu."

"Basi ni mimi, nilikuwa natambaa ukutani kama mjusi."

"Wewe ndiye umesema."

Devota hakucheka. Alikuwa amesimama kwenye mlango wa banda, nyuma ya nyumba yao ya Magomeni, pale Kilosa, mikono kiunoni, macho yake kwenye ukuta. Ukuta ulikuwa umepakwa chokaa juzi tu. Sasa ulikuwa na alama za viganja vidogo, vyeusi kwa grisi, kimoja mbele ya kingine, chini chini, kimo cha mtoto. Vilianzia ilipokaa mashine ya kuchomelea ya mjomba vikaja mpaka karibu na mlango. Vilikwenda kama vya mtu anayepapasa gizani akitafuta pa kutokea.

"Na macho yake yamevimba kwa sababu gani?"

Zabron akainamia kazi yake. "Vumbi," akasema.

Devota alikuwa mke wa fundi wa kuchomelea kwa muda wa kutosha kujua vumbi si hivyo. Lightness, binti yao wa miaka minne, alikuwa amekaa kizingitini mwa nyumba, amejifunika uso kwa khanga ya mama yake. Tangu jana alilia kwamba ana mchanga machoni. Machozi yalimtoka bila kukoma na mwanga ulimchoma. Hivyo ndivyo anavyokuwa mtu aliyetazama moto wa kuchomelea bila kioo. Hata nesi wa zahanati, alipokuwa anampa dawa ya matone, aliuliza, "Baba yake anafanya kazi gani?" Devota alipomjibu, nesi alimtazama kwa jicho lililosema yote.

Mashine yenyewe ilitoka Mikumi. Ilikuwa ya marehemu mjomba Ditram, kaka wa mama yake Zabron, aliyekuwa na gereji kando ya barabara kuu akiunga bodi za malori. Alipofariki, ukoo ulikaa, wakasema vifaa vya kazi viende kwa mpwa, kama desturi yao ilivyo. Haikuwa mashine ya vijiti kama zile za mafundi wote wa mtaani. Hii ilikuwa ya waya. Waya mwembamba umezungushwa kwenye gurudumu ndani ya boksi, na ukibonyeza kitufe cha ule mpini wanaouita bunduki, waya unajisukuma wenyewe hadi nchani na kuyeyuka. Kwa bati jembamba la gari hakuna kinachoifikia. Zabron aliitaka tangu alipokuwa kijana akijifunza kazi kwa mjomba wake, na sasa alikuwa na ahadi ya kazi ya bodi ya basi dogo.

Ila ilikuwa imelala tangu mjomba alipoanza kuugua. Panya walitafuna nyaya, nyigu walijenga kwenye feni, bomba la kupitisha waya lilijaa kutu. Zabron aliifungua kipande kwa kipande. Chini ya gurudumu la waya alikuta kikombe cha bati chenye maua, kina ukoko mweupe ndani.

"Cha nini hiki?" Devota aliuliza siku ile.

"Mzee alikuwa na mambo yake," Zabron alijibu. Akaukwangua ukoko kwa bisibisi, akatia petroli, akaloweka humo roli za kusukumia waya.

Jana ndiyo siku mashine ilipowaka kwa mara ya kwanza. Jana hiyo hiyo macho ya Lightness yaliuma.

Zabron alipotoka kwenda kutafuta kifaa, Devota alimbeba mtoto hadi bandani, akakibandika kiganja chake juu ya alama mojawapo. Upana ulilingana. Lakini vidole vya ukutani vilivipita vya Lightness kwa pingili nzima, na kila kidole kilikuwa na pingili nne badala ya tatu.

Alihesabu tena. Akamrudisha mtoto ndani, akakaa kuchambua mchicha.

Jua lilikuwa la utosi. Mtaa mzima ulikuwa kimya kwa joto. Ndipo akasikia mlio kutoka bandani, *kr, kr, kr*, mlio wa roli zinaposukuma waya. Akadhani mume wake amerudi kwa njia ya nyuma. Akainuka, akaenda taratibu, akijiambia kwamba leo atamfumania na uongo wake, na alipofika mlangoni harufu ya maziwa yaliyoungua ikampiga puani, nzito, kama sufuria imesahauliwa jikoni, wakati yeye siku hiyo hakuwa na tone la maziwa. Bandani hapakuwa na mtu. Plagi ya mashine ilining'inia kwenye msumari ukutani, mbali na umeme. Na bado waya ulikuwa unatoka kwenye mdomo wa bunduki, kidogo kidogo, umejikunja sakafuni, ukielekea mlangoni, ukielekea miguu yake, kama kamba ambayo mtu mwingine ameshika ncha yake ili asipotee.

Devota alirudi kinyumenyume. Nje, kwenye ukuta wa banda, alama za mikono zilikuwa zimeshapita kona.

"Mama," Lightness alisema kwa sauti ndogo kutoka chini ya khanga, "mwambie mlango uko wapi. Ananiuliza mimi, na mimi sioni."

Kesho yake Devota alimwachia mtoto jirani yake Joyce, akapanda gari la Mikumi. Hakumwambia Zabron anakwenda wapi. Alimkuta mjane wa mjomba, mama Natalia, uani akianika mahindi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Mbona uso umekupauka hivyo? Zabron mzima?"

"Mzima. Ni mtoto, macho."

Mama Natalia akaacha mahindi. Akatazama kushoto na kulia, akamvuta Devota ndani na kushusha sauti. "Amewasha bila kusema?"

"Kusema nini, mama?"

"Macho. Marehemu hakubonyeza kile kitufe hata siku moja bila kusema kwanza, 'Macho.' Mafundi wote husema hivyo, ili walio karibu wafumbe. Yeye alisema hata akiwa peke yake. Watu wa stendi walimcheka, eti Ditram anaogopa kuwapofusha mende." Alitabasamu kidogo, kisha tabasamu likafa. "Kwenye mashine ile kuna mama na mwanawe. Sio watu. Aliwakuta humo alipoinunua. Hawakumsumbua. Walitaka kuambiwa tu, wafumbe. Siku alipojisahau, aliwawekea maziwa kwenye kikombe, kama mafundi wanavyotiana matone ya maziwa machoni wakiungua."

Akilini Devota aliona petroli kikombeni. Aliona bisibisi ikikwangua.

"Kwa nini hamkutuambia?"

Mama Natalia alimshangaa. "Nilimwambia Zabron. Siku anapakia mashine, nilimshika mkono nikamwambia yote. Hakukueleza?"

Njia nzima ya kurudi Devota hakuona mashamba wala milima.

Zabron alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa. "Niliona ni maneno ya mzee aliyefiwa," akasema mwishowe. "Ningekwambia ungekataa isiingie hapa."

"Ningekataa, ndiyo."

"Haya. Nifanye nini?"

Devota alimweleza kama alivyoagizwa na mama Natalia. Kikombe kioshwe kwa majivu mpaka harufu ya petroli iishe. Kila asubuhi yatiwe maziwa mabichi, kirudishwe chini ya gurudumu la waya, na aliyechoma ndiye aombe radhi, kwa maneno ya kawaida, kama anavyomwomba jirani. Mashine isiwashwe. Watakunywa, na siku wakisamehe kabisa, kikombe kitakutwa kimefunikwa kifudifudi. Siku hiyo ndiyo ruhusa ya kuwasha.

Zabron alifanya yote mbele yake. Kuomba radhi alinong'ona, kwa aibu. Kila asubuhi Devota alinunua maziwa kwa mama wa Kimasai aliyepita na dumu, akampa mume wake aende nayo, kwa sababu mwenyewe hakuthubutu kuingia tena. Na kila jioni Zabron alitoka bandani akasema, "Wamekunywa."

Macho ya Lightness yakaanza kufunguka. Uvimbe ukashuka. Asubuhi moja alitupa khanga, akamkimbiza kuku uani, na Devota alikaa chini akalia kwa furaha. Siku hiyo hiyo Zabron akaja na kikombe mkononi.

"Nimekikuta kimefunikwa. Yameisha, mke wangu."

Alikitazama. Kilikuwa kikavu, kisafi. Lakini Zabron hakumtazama usoni, na lile basi dogo lilikuwa tayari limeegeshwa mbele ya nyumba.

"Unaapa?"

"Wewe nawe. Mtoto si anaona?"

Mchana mashine ikaanza kunguruma. Devota alitega sikio, mikono ikiwa kwenye beseni la vyombo. Alisubiri neno moja. Hakulisikia. Alisikia waya ukikwaruza na moto ukitatarika, ukakatika, ukatatarika tena, na hakuna aliyesema macho.

Akachukua beseni kwenda kumwaga maji nyuma ya banda. Hapo akasimama. Chini ya dirisha, ardhini, palikuwa na doa jeupe lililoganda na kupasuka kama udongo wa mtoni wakati wa kiangazi, juu yake doa jingine, na jingine bichi zaidi, na sisimizi wameyazunguka yote. Maziwa. Maziwa ya siku zote. Hakuna aliyeyanywa, hakuna aliyesamehe, ni Zabron aliyekuwa akiyamwaga dirishani ili apate kuwasha mashine yake, na kilichomponya Lightness kilikuwa chupa ndogo ya zahanati, na yule mwingine, aliyekuwa akipapasa ukuta siku zote hizi huku akichomwa upya tangu mchana huu, hakuwa amepata hata tone.

Aliliacha beseni likaanguka. Alikimbia akiufuata ukuta, na ukutani mikono ilikuwa imekwenda mbele yake, imetoka bandani, imepita jiko, imeshika ukuta wa nyumba, midogo, myeusi, yenye vidole virefu, mpaka kwenye fremu ya mlango wa mbele, na pale ilikuwa imekoma, imerundikana mahali pamoja, kama mtu aliyepata alichokuwa anatafuta.

Alizunguka, akaingia kwa mlango wa uani, akapiga komeo nyuma yake. Mlango wa mbele ulikuwa umefungwa. Lightness alikuwa amekaa sakafuni, mbele ya mlango huo, anavaa kandambili zake.

"Unakwenda wapi?"

"Wamekuja," mtoto alisema.

Harufu ya maziwa yaliyoungua ilikuwa inapita chini ya mlango. Bandani mashine ilikuwa imenyamaza, na Zabron hakusikika.

"Hodi," ikasema sauti ya mwanamke nje. Ilikuwa sauti ya upole, ya jirani aliyefuata chumvi.

Devota aliziba mdomo wake kwa mikono miwili. Hakuwahi kuuziba wa mtoto.

"Karibu," Lightness akaitikia, kama alivyofundishwa.

"Ahsante, mwanangu. Mama Lightness, nimesikia wako anaona, nimefurahi. Wangu bado. Naomba unipe huyu, akamshike mwenzake mkono."