Orvokki Achora Joto Lake

Kila asubuhi Orvokki alikunywa kahawa na mumewe, Tapani. Kisha alivuka ua uliojaa theluji kwenda kwenye banda lake la kazi. Zamani lilikuwa zizi la farasi. Sasa lilikuwa na jiko la kuni, meza ndefu, na karatasi kubwa zilizobandikwa ukutani.

Orvokki alichora kwa mkaa, na alichora wanawake tu. Mama anayenyonyesha huku anasinzia. Mwanamke anayepiga deki hospitalini. Mjane anayekula peke yake. Watu wa Kuopio, mji wao huko Ufini, walimjua vizuri, na mwezi wa nne michoro yake mipya ilitakiwa kutundikwa kwenye ukumbi wa maktaba.

Lakini mwaka huo kazi ilikataa. Alikuwa akichora, mara joto linampanda kifuani, shingoni, mpaka usoni. Moyo unamwenda mbio. Anafungua dirisha, na nje maji yameganda ziwani! Siku moja tone la jasho lilidondoka juu ya uso aliokuwa akiuchora. Akajaribu kupangusa, uso wote ukawa doa jeusi. Akaichana karatasi.

Tapani alichungulia mlangoni. "Unachana tena?"

"Niache!"

"Kwani nimesema nini? Nimeuliza tu."

"Huko kuuliza ndiko nisikokutaka!"

Jumamosi walikaa sauna, chumba chao cha mvuke, kama kawaida yao. Tapani hajamwaga hata kata ya pili ya maji kwenye mawe, Orvokki akatoka mbio.

"Jamani, Mfini anakimbia sauna!" Tapani akacheka. "Nikisimulia kazini hawataniamini."

Siku nyingine Orvokki angemjibu kwa utani mkali zaidi. Siku hiyo alikaa kwenye benchi la nje na kulia. Tapani akaacha kucheka.

"Sijui nina nini," Orvokki akasema. "Silali. Nasahau majina ya watu. Mikono yangu imekwisha, Tapani. Nitawaambia wa maktaba wafute maonyesho."

"Una nini lakini? Nenda hospitali."

"Nikawaambie nini? Kwamba nasikia joto? Watanicheka."

Mama yake Orvokki naye, alipofika umri kama wake, alikuwa akitoka nje bila koti na kusimama kwenye baridi. Watoto walisema, "Mama kakasirika." Hakuna aliyemuuliza kitu, na yeye hakusema.

Jumatatu alikuja jirani yao, Sirkka. Sirkka alikuwa mkunga katika kituo cha afya, na alikuwa ameahidi kukaa kwenye kiti achorwe. Alivua buti, akatazama ukutani, akasimama. Pale palikuwa na mchoro mmoja ambao Orvokki hakuuchana: mwanamke aliyejishika shingo, nywele zimemganda kwenye paji la uso.

"Huyu namjua," Sirkka akasema.

"Humjui. Nimembuni mwenyewe."

"Namjua, shoga yangu. Nakutana naye kazini kila wiki. Hedhi yake imekoma au iko njiani kukoma. Ni wewe, sivyo?"

Orvokki alikaa kwenye kiti ambacho Sirkka alitakiwa kukikalia. Akasema yote: joto, usingizi, hasira, kusahau.

"Huna wazimu," Sirkka akamwambia. "Wengi wetu tunafika hapo kati ya miaka arobaini na mitano na hamsini na mitano. Homoni zinashuka, mwili unashindwa kupima joto lake. Si ugonjwa, lakini usidhani ni lazima uteseke. Dawa zipo. Damu ulipata lini mara ya mwisho?"

"Ilikata mwaka juzi." Orvokki akasita. "Ila wiki iliyopita niliona matone. Machache tu."

Sirkka akaweka mezani kikombe cha kahawa alichokaribishwa.

"Sikiliza vizuri. Ikipita mwaka mzima bila hedhi, halafu damu ikatoka, hata tone, unakwenda kwa daktari. Mara nyingi si kitu kibaya. Lakini saratani ya mfuko wa uzazi nayo huanza hivyo, na ikiwahiwa inatibika. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Piga simu sasa hivi, mimi nipo hapa."

Orvokki akapiga, vidole vyeusi kwa mkaa.

Tapani alimpeleka. Daktari alimpima kwa mashine ya picha, akachukua kipande kidogo cha nyama ndani ya mfuko wa uzazi. Kusubiri majibu kulikuwa kugumu kuliko kipimo chenyewe. Majibu yalipokuja, haikuwa saratani. Kulikuwa na kinyama kilichoota, nacho kikaondolewa.

Baada ya hapo daktari alizungumza naye juu ya homoni. Alimuuliza kama aliwahi kuugua saratani ya titi au damu kuganda, maana si kila mwanamke zinamfaa. Yeye zilimfaa. Alipewa za kubandika ngozini, pamoja na vidonge vya kulinda mfuko wa uzazi.

"Na mimi nifanye nini?" Tapani alimuuliza Sirkka.

"Muulize hali yake, msikilize, na uache utani."

"Utani wote?"

"Wa sauna. Mwingine tutaona."

Usingizi ulirudi kidogo kidogo. Orvokki akarudi kwenye mkaa, na safari hii hakubuni. Wanawake wa mtaani walikuja bandani mmoja mmoja, wakakaa, wakasimulia, naye akawachora walivyokuwa: mwalimu aliyesahau neno mbele ya darasa, dereva wa basi aliyelowa jasho, bibi aliyecheka kwa kuwa hayo yote yamempita.

Mwezi wa nne ukumbi ulijaa. Wanaume walianza kwa kutazama viatu vyao, kisha wakatazama kuta. Mwanamke mmoja mwenye kofia ya sufu alikaa muda mrefu mbele ya mchoro mmoja. Mwishowe akamsogelea Orvokki.

"Samahani. Yangu ilikoma miaka mitatu iliyopita," akanong'ona. "Sasa imetoka tena. Sijamwambia mtu."

Orvokki hakunong'ona.

"Simu unayo?"

"Ninayo."

"Basi njoo hapa dirishani tupige. Mimi nasimama na wewe."