Tela Lililokwenda Kama Godoro

Jirani muuza mkaa anadai aliona yote. Anadai lori lilipita mbele ya kibanda chake limejaa watu saba wenye bunduki, na kwamba fundi wa kike, yule Grisi, alilifungua tela kwa makusudi ili amuue mdogo wake. Anaapa kwa macho yake mawili. Siku ile macho yake mawili yalikuwa chini ya shuka, jino likimtoa roho.

Walikuwa watu wanne. Bastola moja. Na Grisi hakufungua kitu.

*

Saa mbili asubuhi. Chumba cha nyuma ya gereji.

Harufu ya dizeli na matairi ya kale. Mjomba alikuwa ameketi juu ya betri ya lori, bastola mapajani. Watu wote humwita Mjomba, na hakuna anayemjua dada yake hata mmoja.

"Tela liko yadi ya mizigo," alisema. "Limepakiwa. Halina kichwa cha kulivuta. Saa sita mchana walinzi wanapokezana zamu, langoni anabaki mmoja, na huyo mmoja ni wetu. Tunaingia na kichwa chetu, tunaunga, tunatoka."

"Mzigo gani?" aliuliza Kobe, dereva.

"Mashine za hospitali. Kila sanduku lina kibandiko cheupe. Likipata kishindo, kibandiko kinageuka chekundu. Mnunuzi kasema akiona chekundu kimoja tu, mzigo wote nikawauzie samaki." Akageuka. "Fundi. Nje kuna vichwa viwili. Tunachukua kipi?"

Tangu jana Grisi alikuwa amelala chini ya vyote viwili, kimoja baada ya kingine, akishika, akigonga, akisikiliza.

"Kile cha bluu kina springi za chuma," alisema. "Kigumu, hakichoki. Lakini shimo lolote kinaloingia, kinalipeleka zima zima kwenye tela. Kile cheupe kimekalia baluni za upepo. Shimo linaishia kwenye baluni."

"Baluni ni za harusi," alisema Kobe. "Mimi naendesha springi tangu ndevu hazijaota. Springi haisaliti mtu."

"Haisaliti, kaka. Inavunja kiuno tu. Tazama unavyotembea."

Chepe akaangua kicheko pale ukutani. Mjomba akamtazama. Kicheko kikafa.

Chepe ni mdogo wake Grisi, tumbo moja. Mwaka jana alikamatwa, akapigwa, akatapika jina moja kituoni. Lilikuwa jina la mtoto wa Mjomba. Mtoto kafungwa. Mjomba hakumgusa Chepe hata kwa kidole. Alimwendea dada yake tu. Nifanyie kazi moja, akamwambia, na mdogo wako nimemsamehe. Ndiyo maana Grisi alikuwa mle chumbani. Hakutaka mgawo. Alitaka kurudi nyumbani na Chepe akiwa hai, basi.

"Cheupe," alisema Mjomba. "Na Chepe atakaa ndani ya tela na masanduku. Kamba zikilegea, azikaze. Nje tunatia kufuli."

"Kufuli la nini?" Grisi aliuliza.

"Tela lisilo na kufuli huulizwa maswali barabarani." Mjomba alitabasamu bila kuonyesha meno. "Kichwa umechagua mwenyewe, fundi. Kama ni laini kweli, wasiwasi wa nini?"

Grisi akamfuata Kobe uani.

"Nisikilize, kaka. Hiki si springi. Baluni ukizishusha, mgongo wote unashuka. Ukienda kuunga, rudi nyuma na baluni zimejaa, hii sahani ya chuma ilinyanyue tela kwanza. Hapo ndipo pini ya tela itaingia kwenye taya za sahani na kubanwa. Ukiwa chini sana, pini itapita juu ya taya, itakaa mbele ya sahani. Utavuta, litakuja, utadhani limeshika."

"Ndiyo, mwalimu."

"Sitanii. Na usiondoke kabla sijaingia chini kuangalia taya kwa macho yangu."

"Mwalimu, kengele imelia."

*

Saa sita. Yadi ya mizigo.

Lango lilifunguka. Jua la utosi. Hakuna mtu. Grisi na Mjomba waliteremka, wakazunguka nyuma ya tela na Chepe. Kufuli la zamani likakatwa. Chepe akapanda, akajipenyeza kati ya masanduku. Mjomba akafunga mlango, akatia kufuli jipya, ufunguo akauweka mfuko wa shati.

"Dada," Chepe aliita kwenye upenyo wa mlango. "Humu ni tanuri."

"Kaa chini, shika kamba."

"Jioni nikifika nitalala siku nzima."

"Jioni haina siku nzima, mjinga wewe."

Mbele, chuma kilisugua chuma. Kobe alikuwa amekwisha kurudi nyuma bila kungoja mtu. Grisi alikimbia. Akachomeka mipira ya upepo wa breki, akapandisha miguu ya tela, jasho likimwingia machoni. Kobe akavuta kidogo. Tela likaja.

"Limeshika!"

Grisi akapiga magoti aingie chini. Filimbi ya yule mlinzi wao ikalia langoni: muda umekwisha.

Mkono ukamkamata ukosi. "Panda," alisema Mjomba.

"Sijaangalia taya."

"Limevutwa, limekuja. Unataka likuandikie barua? Panda!"

"Mjomba, sijaangalia..."

Mdomo wa bastola ulimgusa ubavu. Grisi akapanda.

*

Barabara ya nje ya mji. Nusu saa haijapita.

Mashimo yalikuja, yakapita chini yao kimya. Kobe alianza kucheka peke yake.

"Aisee! Kama kuvuta godoro! Dada, nimetubu. Springi basi."

Hata Mjomba aliegemea kiti. Grisi alikuwa ameshika dashibodi, masikio nyuma.

Kwenye njia panda Kobe akafunga breki.

Ngo!

Kitu kizito kilipiga kisogo cha kichwa cha lori. Kobe aliacha kucheka.

Grisi aligeuka kutazama nyuma. Pini iliyoshikwa na taya haiji mbele. Ile haikuwa imeshikwa. Ilikuwa imeng'ang'ania ukingo wa sahani, kama mtu anayening'inia dirishani kwa kucha.

"Ulishusha baluni?"

Kobe akakaza macho barabarani.

"Kaka, nakuuliza."

"Nilishusha. Mpaka chini. Nilitaka kiingie bila kugonga. Springi mimi siku zote..."

"Simama."

"Hatusimami," alisema Mjomba. Nyuma, mbali, king'ora cha polisi kilikuwa kimeanza.

"Tela halijashika! Tukifika kwenye ile reli mbele litachomoka! Mdogo wangu yumo ndani, Mjomba!"

"Kanyaga."

"Usikanyage, kaka. Nakuomba. Nakuomba kwa watoto wako."

Kobe akaanza kuinua mguu kwenye pedali. Mjomba akamwekea bastola sikioni. Kobe akafumba macho kidogo, akakanyaga.

Reli ilikuja ikiwa juu kuliko barabara. Kichwa kiliruka. Mipira ya upepo ikakatika kwa mlio wa nyoka mkubwa, na ghafla lori likawa jepesi, likakimbia kama mtu aliyetua mzigo. Katika kioo Grisi aliliona tela likipiga pua chini. Bila upepo wa breki, magurudumu yake yalikuwa yamejifunga. Lilijiburura, likageuka ubavu, likalala. Mlio wa masanduku uliwafikia baadaye.

Kobe alisimamisha lori mwenyewe. Alikuwa analia.

"Ufunguo," alisema Grisi. "Nipe ufunguo, Mjomba."

Mjomba alipapasa mfuko wa shati, akaukuta, akauacha humo humo.

"Ulisema umemsamehe!"

"Wangu kafungiwa," alisema. "Wako naye kafungiwa. Dereva, twende."

Grisi alifungua mlango, akaruka. Akaanguka, akainuka. Nyuma yake kichwa cheupe kilinguruma, kikaondoka laini.

Aliligonga kufuli kwa jiwe mpaka jiwe likapasuka. Akachukua jingine. "Chepe! Chepe, nipo hapa!" Kutoka ndani alisikia mbao zikilalia mbao, na chini yake sauti ndogo, ya mtu anayevuta pumzi kwa shida.

Gari la polisi likasimama vumbini. Askari mmoja alimwendea, bunduki mbele.

"Mikono juu! Wenzako wako wapi?"

"Wameshika njia ya machimbo. Kichwa cheupe. Nakupa majina, nakupa gereji, nakupa mpaka mnunuzi." Alikuwa anatapika yote, na hakuona haya. "Kuna mtu ndani, afande. Anapumua. Amelaliwa na masanduku."

Askari akamgeuza, akamtia pingu. Chuma kilikuwa cha moto kwa jua.

"Hizi nitazivaa maisha yangu yote, sigombi," alisema Grisi, shavu lake likiwa kwenye bati la tela. "Lakini anza na lile kufuli. Likate kwanza, afande. Nakuomba, likate sasa."

Askari alimpa mgongo, akainua redio mdomoni, akaanza kusoma namba ya tela.