Aliniambia Mkanda Umeshafungwa

Nina miaka arobaini na moja, mama wa watoto watatu, na ninauza mchele hapa Chanji, Sumbawanga. Wateja wangu wananijua kwa ucheshi. Wengine huniambia kabisa kwamba sionekani mtu aliyewahi kuumia. Ndugu zangu mnaosoma, laiti wangejua! Nimelikalia jambo hili muda mrefu, na leo nalitoa kwa sababu naona watu wanaendelea kuangamia kwa kosa lilelile.

Ilikuwa miaka ile biashara ilipofunguliwa, kila mwenye uwezo akaruhusiwa kununua na kuuza mazao. Mume wangu, Deo, alikuwa karani katika shirika moja la umma. Shirika likafa, wafanyakazi wakarudishwa nyumbani na kiinua mgongo. Mimi nikauza ng'ombe nilioachiwa na marehemu baba, tukaunganisha, tukanunua pikapu ya dizeli, mtumba kutoka Japani. Kaka yake Deo, shemeji Oswald, ndiye akawa dereva.

Kazi yetu ilikuwa kushuka bondeni Muze kununua mpunga na kuupandisha Sumbawanga. Muze nilikuwa na mdogo wangu wa pekee, Leokadia, aliyeolewa huko na kijana mkulima aitwaye Kizito. Nikishuka nalala kwao. Mama yake Kizito, Bibi Pelagia, alinipokea kama mwanawe. Tulikuwa tunaishi vizuri... vizuri kweli.

Siku moja tulipeleka gari kwa fundi Kasiani kubadilisha oili. Alipomaliza akatuita mimi na Deo. Akasema ndani ya injini kuna mkanda wa taimingi, ndio unaofanya vyuma vya juu na vya chini vizunguke kwa kupatana. Mkanda huo una umri wake, na kwa kuwa gari lilikuja limetumika, hakuna anayejua umri huo umebaki kiasi gani. Ukikatika, injini inazima hapohapo na vyuma vinagongana. Akashauri tuubadilishe mapema.

Mkanda wenyewe Sumbawanga haukuwepo, mpaka Mbeya. Na bei yake... ilikuwa ya kukaa chini na kufikiri.

Hapo ndipo ugomvi ulipoanza. Shemeji Oswald alicheka sana. Alisema mafundi siku hizi wanatafuta maradhi kwenye magari mazima, kwamba yeye ameendesha malori ya ushirika miaka yote na hajasikia mkanda wa namna hiyo. Deo akamwunga mkono. Gari linawaka asubuhi mara moja, ugonjwa wake uko wapi?

Nilisema mpaka nikachoka. Nikisema wakati wa chakula, Deo ananawa mikono na kutoka. Nikisema mbele ya shemeji, naambiwa mwanamke anajuaje injini. Kwani fundi aliponieleza alitumia lugha ya wanaume peke yao? Nilikereka hadi usingizi ukawa wa taabu. Mwishowe niliuza akiba yangu yote ya mchele, ile niliyokuwa naingoja msimu wa bei nzuri, nikampa Deo fedha mkononi. Nikamwambia hiyo si ya kitu kingine, ni ya mkanda.

Wakaenda Mbeya yeye na kaka yake. Waliporudi, gari lilikuwa linang'aa! Limepakwa rangi mpya ya bluu, lina turubai jipya na redio inayosikika mtaa mzima. Watoto wakalikimbilia, majirani wakatoka kutupongeza. Mimi nikauliza jambo moja tu.

"Na mkanda, Baba Editha?"

"Umeshafungwa hukohuko Mbeya," akajibu. "Sasa utapumzika."

Kweli nikapumzika. Rangi na redio nikadhani vimetoka kwenye mfuko wao. Kwa nini nimshuku mume wangu wa ndoa?

Haikuchukua muda mrefu, nikawa Muze na shemeji tunapakia mpunga, Leokadia akashikwa na uchungu. Ilikuwa mimba yake ya kwanza. Kulipokucha, muuguzi wa zahanati akatuambia mtoto amekaa vibaya, apelekwe hospitali ya mkoa bila kuchelewa.

Bibi Pelagia akasema tusubiri gari la misheni, ambalo lilikuwa linakuja alasiri kuchukua mgonjwa mwingine. Alilisema mbele ya watu, akalirudia. "Msimpandishe kwenye hilo. Mngojeeni la misheni."

Nilimwelewa kwamba ana hofu ya kizee. Nikamjibu kwa heshima kwamba gari letu lipo hapa, sasa hivi, na limetengenezwa. Mkanda ni mpya, Bibi. Ndivyo nilivyomwambia, kwa mdomo wangu huu... Tukashusha magunia yote, tukatandika godoro nyuma, tukaondoka mimi, Kizito, muuguzi na mgonjwa wetu.

Mnaoijua ile barabara ya kupanda kutoka bondeni mnajua inavyojikunja ukutani mwa mlima. Tulikuwa tumeshapita kona kadhaa. Leokadia ameushika mkono wangu, ananiuliza kama tumekaribia. Ghafla nikasikia mlio mmoja ndani ya injini, kama chuma kimedondokea kwenye sufuria. Kisha kimya.

Gari likaanza kurudi nyuma. Kizito aliruka akatupia jiwe chini ya tairi, likasimama huku nyuma yetu ni korongo. Shemeji akapiga starta. Ilizunguka kwa wepesi, bure, kama haijafungwa na kitu. Akapiga tena na tena. Mdogo wangu akawa analia kwa sauti ambayo mpaka leo siwezi kuieleza.

Jua likapanda juu yetu. Hakuna gari lililopita. Vijana waliotoka kuchanja kuni walijitolea kumbeba kwa machela ya miti na blanketi, wakapanda naye kwa miguu, wanapumzika, wanainuka, mimi nyuma yao nabeba kanga zilizolowa damu. Gari lililotukuta mlimani na kutufikisha mjini lilikuwa lilelile la misheni.

Mtoto alikuwa ameshafariki. Alikuwa wa kiume. Leokadia alipona, lakini ili apone madaktari waliondoa kizazi.

Gari lilivutwa hadi kwa fundi Kasiani. Nilikwenda mwenyewe. Akafungua kile kifuniko cha mbele, akatoa mkanda uliokatika, umeparara, meno yamekwisha, na maandishi ya Kijapani bado yanasomeka kwa mbali.

"Mama, huu ndio uliokuja na gari," akasema. "Hapa hapajawahi kufunguliwa."

Nilikaa chini palepale kwenye oili. Jioni nilimwuliza Deo. Hakukana wala hakukubali. Alisema tu kwamba kilichotokea kimetokea, na nikifungua mdomo nitavunja ndoa yangu na ya mdogo wangu kwa mpigo. Niliomba anitazame usoni, akainuka akaenda kuwasha redio ya kale tuliyokuwa nayo sebuleni.

Wakati huohuo, huko Muze maneno mengine yalikuwa yanachemka. Gari jipya linang'aa vile lingezimaje lenyewe? Na mbona yule bibi alisema wasipande? Alijuaje? Shemeji Oswald ndiye aliyelikoleza neno hilo, kila kilabu cha pombe alichoingia. Watu wakaacha kumsalimu Bibi Pelagia. Watoto waliokuwa wakimwamkia shikamoo wakawa wanavuka njia. Hata Kizito, mwanawe wa kumzaa, akaacha kula chakula cha mama yake.

Kikaitishwa kikao cha koo mbili, na mganga akaalikwa aje kumfichua mchawi. Wote mnajua kikao cha namna hiyo huishia wapi kwa mwanamke mzee! Nilimsihi Deo aseme ukweli kabla ya siku hiyo. Alisema atasema. Tulipofika, akakaa kando ya kaka yake, na shemeji alipoeleza jinsi gari lilivyorogwa, nilimwona mume wangu akitikisa kichwa kukubali.

Sikungoja kupewa nafasi. Nilisimama, nikautoa kwenye kanga ule mkanda uliokatika, niliouchukua kwa fundi, nikaueleza kwa wazee kama nilivyoelezwa na fundi. Kisha nikamgeukia.

"Baba Editha, nilikupa fedha za mkanda. Uliununua au hukununua?"

Akamtazama kaka yake. Kaka yake akatazama chini.

"Gari lilikuwa linawaka vizuri," akasema Deo.

Basi! Hilo ndilo lilikuwa jibu lake. Rangi, turubai na redio ndio mchele wangu. Mnadhani watu walimgeukia? Shemeji akadakia kwamba hata mkanda unaweza kukatwa na mkono wa mtu, na wapo wazee walioitikia! Nilitamani kupiga kelele. Unamwonyesha mtu kitu kwa macho, naye anafumba macho ili aendelee kuamini anachotaka.

Mzee mmoja akamwuliza Bibi Pelagia kwa nini basi alitukataza. Akajibu polepole, bila hasira.

"La misheni lina kitanda."

Kizito alisimama, akavuka ile nafasi ya katikati, akakaa chini karibu na miguu ya mama yake akilia. Mganga akachukua mfuko wake akaondoka amenuna. Kikao kikavunjika bila uamuzi, na minong'ono haikuisha. Baada ya mavuno Bibi alihamia Kaoze kwa binti yake. Niliteremka kumwomba radhi kwa kutomsikiliza. Alinipikia, akaniuliza hali ya Leokadia, lakini Muze akasema hatarudi, na hakurudi mpaka alipofariki.

Deo alihamia kwa kaka yake na tukaishia hapo. Hajawahi kuniomba msamaha. Leokadia na Kizito bado wako pamoja, wanamlea Editha, binti yangu mkubwa, ambaye huwaita baba na mama. Mimi nilianza upya na kibaba kimoja cha mchele.

Ndugu zangu, nawasihi. Kitu cha ndani ambacho hakionekani msikiache ili kupamba cha nje. Ukiambiwa kimetengenezwa, hata kama anayekwambia mnalala kitanda kimoja, omba uonyeshwe cha zamani kilichotolewa. Atakasirika, mwache akasirike. Na siku msiba ukiwafika, kabla hamjamnyooshea kidole mama wa watu aliyezeeka, ulizeni kwanza nani alipewa fedha na alizifanyia nini. Ulizeni siku hiyohiyo... kwa sauti... mbele ya kila mtu. Mimi niliuliza nikiwa nimechelewa.